Kamba ya Jothan

Haya yalimkuta rafiki yangu Lemuel Hatch katika Ziwa Huron, mwaka 1887. Alikuwa nahodha wa merikebu ya mbao, ikikokotwa na boti ya moshi ya Jothan, mdogo wake wa pekee. Asubuhi walikuwa wamegombana. Mchana ukungu ukawafunika, kukawa giza, Lemuel asiione hata kamba iliyowavuta.

Akapuliza baragumu mara tatu, yaani punguza mwendo. Desturi ni boti kujibu kwa honi vivyo hivyo. Kimya.

“Anajifanya kiziwi!” alifoka. “Amenuna kwa sababu nilimwambia boti yake imezeeka.”

“Kwani uongo, nahodha?” alisema Amund, baharia wake. “Lile si birika la chai lililofungwa usukani?”

Lemuel akapuliza tena na tena, mpaka midomo ikamuuma. Hakusikia honi wala injini, ila maji yakigonga mbao.

“We Jothan! Jibu basi, mpumbavu wee!”

Ndipo ukungu ukapasuka. Mbele hapakuwa na boti wala moshi. Kamba ilikuwa imekaza vilevile, lakini ilishuka wima majini.

“Jothan,” Lemuel aliita, safari hii kwa sauti ndogo.

Hapakuwa na upepo hata kidogo. Amund akadondosha kibanzi cha mbao majini, kama mabaharia wafanyavyo wakitaka kujua mwendo. Wote wawili wakainama kutazama.

Kibanzi kikapita ubavuni polepole, kikaachwa nyuma. Walikuwa bado wanakokotwa.