Mchumi Aliyekimbia Majibu

Jumatatu ile foleni ya dirisha la majibu ilitoka ukumbini, ikakata kona, ikaishia kwenye maegesho ya magari. Hospitali haikuwahi kuona kitu kama hicho. Siku za kawaida watu wakishapimwa hupotea, majibu yao yakabaki rafuni yanakula vumbi. Leo walikuwa wanasukumana.

Mtaalamu mmoja wa maabara, ambaye wenzake walimpachika jina la Darubini, alitoka nje na koti lake jeupe, glavu bado mkononi. "Kuna nini hapa? Amekuja msanii?"

"Kuna sabuni," akajibiwa.

Aliyejibu alikuwa mwanamke wa gauni la bluu lililomkaa sawasawa, miwani kaipandisha juu ya nywele, maboksi yamepangwa miguuni pake. Kila aliyechukua majibu yake alipewa kipande cha sabuni ya kuogea.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayewahonga wagonjwa wetu?"

"Siwahongi, kaka. Ni utafiti. Mimi ni daktari."

"Daktari wa nini?"

"Wa uchumi. Nafundisha chuo kikuu."

"Ahaa! Daktari asiyejua kudunga sindano."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mchumi naye akacheka, tena kwa sauti, kichwa kakirudisha nyuma, na hapo Darubini akawa amekwisha, moyo umetekwa.

"Lakini ni haki kweli?" akauliza, ukali umempungua. "Mtu asijali afya yake mpaka apewe sabuni?"

"Anaijali mno, ndiyo maana anaogopa. Sabuni inampa kisingizio. Jirani akimkuta hapa, atasema kafuata sabuni. Hata moyo wake anaudanganya hivyohivyo, huku miguu inatembea."

"Na mimi nikitaka kukuona tena, nitafute kisingizio gani?"

"Wewe? Huonekani mtu wa kukosa visingizio."

Simu zikaanza. Za asubuhi kabla ya kipindi, za mchana, za bila sababu.

"Haloo, laazizi. Umekula?"

"Nasahihisha mitihani."

"Sijauliza unasahihisha nini."

"Nimekula, bwana! Unanipigia kama mama yangu."

"Mama yako angekupikia. Mimi nakuuliza tu, gharama yangu ndogo. Si ndivyo mnavyofundishana huko?"

Kazi ya mchumi ilikuwa inapanda. Baadhi ya wenzake chuoni walisema kumlipa mtu atende jema ni kumharibu, kesho hatalitenda bure. Naye aliwajibu kwa takwimu, makala baada ya makala, akaanza kualikwa kwenye kumbi za mbali. Darubini alizisoma makala zote, akaelewa nusu, akazisifu zote. Walipendana kwa utani na kelele, na majirani walizoea.

Ndipo siku moja, mchumi akioga, vidole vyake vikagusa kitu kwenye titi la kushoto. Kidogo, kigumu, kama punje ya harage.

Kipimo kilipatikana kwenye hospitali ileile tu, kwa hiyo alikwenda siku Darubini alipokuwa mapumzikoni. Hakumwambia. Daktari alimchoma sindano, akavuta sampuli kidogo ya uvimbe, akamwambia arudi wiki inayofuata kuchukua majibu.

Hakurudi. Haya, cheka ukitaka. Mwanamke aliyesimama mbele za watu akieleza kwamba binadamu hukimbia habari ya ugonjwa kuliko ugonjwa wenyewe, ghafla akawa na kikao. Kisha akawa na mafua. Kisha akawa na mitihani ya kusahihisha, iliyokwisha sahihishwa zamani. Mganga hajigangi.

Kilichommaliza kabisa ni Darubini. Ghafla aliacha utani. Alimbebea mkoba, alimfungulia mlango wa teksi, alimtazama kisha akageuza uso haraka. Simu zake zikawa laini kupita kiasi: "Umepumzika, roho yangu? Usijichoshe." Sasa mchumi, ambaye riziki yake ni kuwatazama watu wanavyotenda ili ajue wanachokijua, akaunganisha mambo. Huyu yuko maabara. Sampuli imepita maabara. Na sasa ananibembeleza kama yai. Ameona, na alichokiona ni kibaya.

Alivumilia, kisha akashindwa.

"Haloo, roho yangu. Umepumzika?"

"Usiniite hivyo. Na tafadhali usinipigie tena."

"Kha! Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Ila sitaki mtu wa kunihurumia. Nakutakia maisha mema."

Akakata simu, akalia mpaka dada yake mkubwa, aliyekuwa anaishi naye, akaingia bila kubisha hodi. Mambo yote yakamwagika hapo kitandani: uvimbe, sindano, majibu yasiyochukuliwa, uso wa Darubini.

"Mficha maradhi, kilio humfichua!" dada akafoka, machozi yanamtoka. "Na wewe ndiye msomi wetu! Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Uliogopa." Dada akamkumbatia kwa nguvu. "Majibu tutayafuata."

"Ya nini, dada? Nimeshayajua. Nimeyaona usoni kwake."

Dada hakubishana. Alitoka na simu mpaka jikoni. "Shemeji, njoo nyumbani. Sasa hivi. Maswali utauliza ukifika."

Darubini aliingia mchana uleule, jasho linamtiririka, vifungo vya shati vimepishana. Mchumi hakumkaribisha kiti.

"Niambie tu," alisema. "Ni saratani?"

"Sijui."

"Usinidanganye."

"Haki ya Mungu, sijui! Kichupa cha sampuli kilipofika mezani kwangu nikasoma jina lako, mikono ikakataa kazi. Nikampa mwenzangu apime yeye, nikamwambia asiniambie kitu. Majibu ni yako, si yangu."

"Ulijua nimepimwa na ukanyamaza?"

"Ulitaka nifanyeje? Siri ya mgonjwa ni siri, hata mgonjwa akiwa mpenzi wangu. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Na kila nikipita pale dirishani naona majibu hujayachukua, nikawa nachanganyikiwa."

"Mbona uliacha kunitania?"

"Kwa sababu nilikuwa naogopa, mpenzi! Mtu mwenye hofu anatania vipi?"

Mchumi akakaa chini. Wiki zote hizo alikuwa ameusoma uso wa mtu asiyejua lolote, akauamini kuliko majibu yenyewe. Kicheko kikamtoka kikiwa kimechanganyika na kilio.

"Nimejizika mwenyewe kwa sababu ya uso wako."

"Pole. Ndio huo huo niliozaliwa nao."

Siku ya kazi iliyofuata walikwenda wote wawili. Dada alibaki nyumbani, akisema hospitali inampandisha presha, na kuwaagiza wampigie kabla hata hawajatoka nje. Mchumi alivaa gauni jeusi, Darubini akamrudisha chumbani alibadilishe. Akatoka na la njano.

Nje ya mlango wa daktari, bahasha ya majibu waliyoichukua dirishani ikiwa bado imefungwa, mchumi alipotaka kushika kitasa, Darubini alimzuia.

"Ngoja. Nina ombi, na lazima niliseme kabla hujaingia."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nikikuomba baada ya majibu mabaya, utasema ni huruma. Nikikuomba baada ya majibu mazuri, utasema nilikuwa nangoja nione. Saa hizi sijui, na wewe hujui. Nataka kukuoa."

Mchumi alimtazama. Hofu ya Darubini ilikuwa wazi, lakini macho yake hayakugeuka pembeni hata kidogo. Na safari hii hakuutafutia uso ule maana nyingine.

"Na kama ni mbaya?"

"Nimekuomba wewe. Sikuomba majibu."

"Basi nimekubali," alisema. "Shika mkono wangu. Tuingie."

Daktari aliifungua bahasha, akasoma, akavua miwani, akatabasamu. Ni uvimbe wa kawaida, alisema. Si saratani. Kuna wanawake wengi wanao. Atakuwa anapimwa mara kwa mara, basi.

"Rudia, tafadhali," mchumi akasema.

"Si saratani, mama. Huyu Darubini wetu ni nani wako?"

"Mchumba wangu."

Kumbe aliyezidiwa alikuwa mchumba. Walipofika ukumbini alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akaficha uso kwenye mikono yake na kulia kama mtoto. Mchumi akaketi karibu naye, akamfuta machozi kwa kiganja.

"Wewe! Mwenye titi ni mimi."

"Niache nilie," alisema Darubini. "Nimeyabana siku nyingi."

Akamwacha alie. Kifua chake mwenyewe kilikuwa chepesi ajabu, hewa inaingia mpaka chini. Akatoa simu akampigia dada yake, aliyepokea kabla haijaita vizuri.

"Enhe? Sema!"

"Mazuri, dada. Si saratani. Na ninaolewa."

Dada akaruka: "Subiri kwanza. Sasa vigelegele nipigie lipi?"

"Piga tu, dada," alisema, akicheka na kulia. "Piga mpaka majirani waje."