Binti wa Nyumba Hii

Vigelegele vilitoka ghorofani, na ghorofani hapakuwa na mtu.

Ilikuwa saa nne za asubuhi, katika nyumba kongwe ya Mji wa Kale iliyoazimwa kwa ajili ya filamu. Hamid alikuwa amevaa kanzu na joho la bwana harusi. Vazi hilo alilizoea. Katika filamu zake tano za mapenzi, nyimbo na ngoma alikuwa ameoa mara tano, na nyumbani bado kapera. Ijumaa ndiyo angemuoa Mona, kweli kweli, na kuhamia kwake Likoni.

Asubuhi ile Amatullah, aliyeigiza bibi harusi, alikuwa amegoma. "Jina langu lisitajwe kwenye nikaha, hata ya uongo. Babangu hatanisamehe."

Watu wa Mombasa huyaogopa maneno ya nikaha, hata ya mchezo, na wana haki. Tony, mwongozaji, alikuna kichwa, akaona amepata dawa. "Basi mzee aseme tu, nimekuoza binti wa nyumba hii."

Mwigizaji mzee, aliyekuwa baba wa bibi harusi, akasema. Hamid akamshika mkono, akajibu kwa sauti yake tamu ya sinema: "Nimekubali kumuoa binti wa nyumba hii." Hapo ndipo vigelegele vilipolia. Tony alifurahi, akadhani ni wanawake wa jirani. Mjinga yule!

Mchana Hamid alipanda chumbani kufanya mazoezi ya ngoma na bibi harusi. Alimkuta amejifunika ushungi, ananukia udi, mikono yake baridi. Wakacheza mpaka mwisho. Aliposhuka alimkuta Amatullah sebuleni, anakula biriani.

"Mbona hukuniita?" Amatullah akauliza. "Nakungoja tangu adhuhuri."

Tangu siku hiyo hakuwa na pa kukimbilia. Kila akishika njia ya Feri avuke kwenda kwa Mona, Likoni, harufu ya udi ilimtangulia, miguu yake ikaanza ile ngoma ya harusi bila ruhusa yake, ikamgeuza, ikampitisha vichochoroni mbele ya watu waliomshangilia wakidhani nyota wao anafanya mazoezi, mpaka akajikuta tena kwenye ngazi zile, mlango umejifunga nyuma yake, na mikono baridi ikimvua kanzu. Aliogopa hata akalia. Na siku ya tatu, aibu yake, hakuikataa mikono ile. Alilala naye kama mume na mke.

Alhamisi alimpigia Mona simu, akamwambia amefungika katika nyumba ile. Mona alikuja na Maalim Abdulbasit, wakakaa sebuleni, chini ya ngazi.

"Maalim, ulikuwa mchezo tu," Hamid alinong'ona.

"Ndoa haina mchezo, mwanangu. Umetamka mbele ya mashahidi, na nyumba hii ina binti kweli. Sasa utamwacha, na talaka itamtoa. Lakini nambia kweli, umemwingilia? Kama hujamwingilia, hana eda, ataondoka papo hapo. Kama umemwingilia, ana haki ya kukaa eda yake, ile miezi mitatu ya kungoja, nyumbani kwa mumewe, na mimi siwezi kumtoa."

Mona alikuwa amemkazia macho, hina ya harusi mbichi mikononi mwake.

"La, maalim," Hamid akasema. "Tumecheza tu."

"Basi sema."

"Binti wa nyumba hii, nimekuacha."

Harufu ya udi ikakatika. Mlango wa mbele ukafunguka wenyewe, jua likaingia hadi kwenye mkeka. Mona alilia kwa furaha, akamvuta Hamid kwa mkono wa kanzu, na kwa mara ya kwanza katika siku nne miguu yake ikamtii, ikavuka kizingiti, ikakanyaga barabara.

Nyuma yao ngazi zikalia, moja baada ya moja, kwa mwendo wa mtu aliyebeba mzigo.

"Talaka nimeipokea," sauti ya kike ikasema kwa upole. "Lakini amekudanganya, maalim. Nina eda ya kukaa." Kisha, kwa heshima zote: "Dada Mona, huko Likoni mna vyumba vingapi?"

Mona akauachia mkono wa kanzu.