Mama Mkwe Amehitimu Huduma

Kijiko kiligonga ukuta mara mbili. Fundi cherehani akaondoa mguu kwenye pedali, na sindano ikasimama katikati ya upindo wa sketi ya shule. Mara mbili maana yake nigeuze. Mara tatu, maji. Kugonga mfululizo ni hasira.

"Nakuja, mama!"

Mama mkwe wake alikuwa kitandani, chumba cha nyuma, mwaka wa pili sasa. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia. Kilimwachia maneno machache, yakitoka polepole, moja moja. Akili yake hakikuigusa. Alijua nani kaingia, nani katoka, na nani kasahau chumvi kwenye supu.

Fundi alimgeuza kama alivyofundishwa. Akamkunja goti, akaweka mkono mmoja begani na mwingine nyongani, kisha akamvutia kwake taratibu bila kumburuta. Akachungulia chini ya mgongo. Kidonda cha kulalia kilikuwa bado pale, chekundu, ukubwa wa kifungo cha koti. Angalau kilikuwa hakikui.

Sifa hiyo ilikuwa ya mhudumu. Alitumwa na Mpango wa Huduma za Nyumbani, kila Jumatatu na Alhamisi, saa nne asubuhi. Alimwogesha mama, akasafisha kidonda, akamnyoosha mkono na mguu, akaacha pedi za kulalia. Saa mbili alizokaa ndizo Fundi alizotumia kukimbilia dukani kuchukua vitambaa na kupeleka nguo zilizokwisha. Bila saa hizo, kazi ingesimama.

Jumanne moja ukaingia ujumbe kwenye simu. Alhamisi saa mbili asubuhi, kabla ya mhudumu kuja, mtathmini angefika kutathmini huduma.

"Mtathmini ni mdudu gani?" mumewe akauliza. Alikuwa fundi baiskeli, na mtaa mzima ulimwita Nati.

"Hata mimi sijui. Labda ni mkaguzi."

Jirani wa mlango wa pili alijua, au alijifanya kujua. Huyu aliitwa Mama Kapeti, kwa kuwa ndiye pekee mwenye kapeti mtaani.

"Ni mkaguzi, mwenzangu. Anakuja kuona kama mhudumu anafanya kazi. Akimkuta mgonjwa hoi kitandani, ataandika nini? Ataandika mhudumu mvivu! Utamfukuzisha kazi mtoto wa watu."

"Lakini mama yuko hoi kweli."

"Ndiyo maana nakuazima kapeti."

Basi Alhamisi asubuhi nyumba ilifagiliwa hadi chini ya makabati. Kapeti likatandikwa, kiti kikubwa kikaletwa, na mama akavishwa gauni lake la sherehe. Akabebwa hadi sebuleni. Tatizo likawa moja. Kila walipomkalisha, aliinamia kulia kama rundo la nguo. Wakamzungushia mito. Akainama pamoja na mito yake. Mwishowe Nati akachuchumaa nyuma ya kiti, akafunikwa shuka, akamshikilia mama yake mgongoni.

Mtathmini alikuwa kijana mwenye kishikwambi mkononi na haraka machoni. Alikuwa na nyumba kumi na nne za kupitia siku hiyo.

"Habari ya mgonjwa?"

"Nzuri kabisa!" akajibu Fundi.

"Anaweza kukaa mwenyewe?"

"Si kama unavyomwona?"

"Anakula mwenyewe?"

"Anakula vizuri sana."

"Familia inaweza kumwogesha?"

"Ni mama yetu. Tutashindwaje?"

Mama akafungua mdomo. "Mgo... mgongo..."

"Anasema karibu sana," Fundi akadakia.

Nyuma ya kiti ikasikika chafya.

"Paka huyo," akasema Mama Kapeti. Nyumba hiyo haikuwa na paka.

Dakika kumi hazikutimia, kijana akaaga. Nati akatoka chini ya shuka akitokwa jasho, wakacheka hadi machozi. Mama hakucheka. Waliporudi kumlaza, aligeuzia uso ukutani.

Jumatatu mhudumu hakuja. Fundi akadhani anaumwa. Alhamisi hakuja. Pedi zikaisha. Siku za kwenda dukani zikapita, vitambaa vikaisha, na mwalimu mkuu akatuma mtu kuuliza sketi zake arobaini. Wiki ya tatu kidonda kikawa kama kiganja cha mtoto, na kilianza kunuka. Muuguzi wa zahanati alikitazama akatikisa kichwa.

"Kikifika mfupani," alisema, "tutakuwa tunazungumza habari nyingine kabisa. Mhudumu wenu yuko wapi?"

Hilo ndilo Fundi alilokwenda kuuliza ofisi ya mpango. Karani wa dirishani akafungua jalada, akatabasamu.

"Hongera! Mama amehitimu."

"Amehitimu nini?"

"Huduma. Alama zake ni mbili. Wanaobaki kwenye mpango ni wa alama kumi na kuendelea."

"Kwa hiyo tumefeli."

"Hapana, dada. Mmefaulu."

"Tumefaulu, halafu tumeondolewa?"

"Ndiyo."

"Na tungefeli?"

"Mngebaki."

Fundi alimtazama karani. Karani naye akamtazama. Nyuma yake foleni ikaguna. Akaondoka akiwa haelewi kama apokee pongezi au apige kelele.

Nyumbani alimsimulia Nati, naye akasugua grisi kidoleni muda mrefu.

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo tulitakiwa tufeli?"

"Sijui."

"Na mama kafaulu nini, akiwa kalala?"

"Baba, nimekwambia sijui!"

Jumamosi, siku yake ya mapumziko, mhudumu alipita mwenyewe. Alifunua kidonda. Akakisafisha, akanawa mikono, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Dada, ile fomu si mtihani. Inataka kujua mambo mawili. Mama anahitaji nini, na huduma yetu inamsaidia au haimsaidii. Kila kinachomshinda ni alama. Alama nyingi, mahitaji mengi."

"Mimi nilidhani nakulinda wewe."

"Umenilinda mpaka nimeondolewa kwako."

Nati aliyekuwa mlangoni akaingilia. "Tumedanganya serikali. Tutafungwa?"

"Hafungwi mtu, shemeji. Mlimficha mgonjwa, hilo ni kosa lenu. Na sisi tuna letu. Tuliwatangazia siku. Tukaishia sebuleni. Mgonjwa mwenyewe hatukumwuliza. Halafu tunauliza habari! Mtu akiulizwa habari si atajibu nzuri, hata paa likiwa linaungua?"

"Sasa tufanyeje?"

"Mna haki ya kuomba tathmini irudiwe. Ila usiende na maneno matupu. Andika siku saba. Usiandike 'hali mbaya', kwa sababu maneno hayo hayapimiki. Andika jana ilikuwaje. Nani alimgeuza, saa ngapi, alikula kwa mkono wa nani, pedi ilibadilishwa lini. Siku ikiwa njema, iandike njema."

Fundi hakuwa na daftari. Alikuwa na karatasi ya kahawia, ile anayochorea vipimo kabla ya kukata kitambaa. Akaibandika ukutani juu ya cherehani. Kila alipotoka chumba cha nyuma aliandika kwa penseli. Saa moja, nimemgeuza. Saa tatu, nimemgeuza, amelia. Saa tano, nimechelewa, nilikuwa kwenye vifungo. Mchana nimemlisha kijiko kwa kijiko, dakika arobaini.

Siku ya nne Nati alisimama akaisoma yote.

"Mbona mimi simo?"

"Humo wapi?"

"Hapa kwenye kumgeuza."

"Andika ulipomgeuza."

Nati akachukua penseli. Akafikiri. Akairudisha mahali pake. Kesho yake alifunga karakana saa tisa, akaingia chumba cha nyuma, akauliza goti linakunjwaje.

Siku ya saba Fundi alikunja karatasi kama kitambaa, akaipeleka ofisini. Safari hii alikataa kuishia dirishani. Msimamizi wa mpango, mama mtu mzima mwenye miwani kichwani, aliitandaza mezani mpaka ikaning'inia pande zote. Alisoma mpaka mstari wa mwisho.

"Kwa nini hukumwambia kijana wangu haya?"

"Sikuulizwa haya, mama. Niliulizwa habari."

"Na kule kukaa kwenye kiti?"

Fundi akatazama chini. "Mume wangu alikuwa nyuma ya kiti."

Msimamizi alitaka kucheka. Kisha kitu kikamjia, akaacha. Akavuta jalada jingine.

"Mwaka huu wamehitimu watu thelathini na mmoja. Kwenye ripoti tumeandika kwamba mpango unawainua wagonjwa. Tulipiga makofi humu ndani." Akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. "Sasa sielewi tulimpigia nani."

Wiki iliyofuata wahudumu walitumwa kwa wote thelathini na mmoja. Hawakutaja siku, na waliomba kuingia chumba anacholala mgonjwa. Saba walikuwa wamepata nafuu kweli. Watatu walikuwa wamehama. Kumi na tisa walikuwa bado kitandani. Wawili walikuwa wamekwisha kufariki.

Mhudumu alimweleza Fundi hesabu hiyo. Fundi hakujua aweke wapi mikono yake.

Fomu ikaandikwa upya. Kabla ya kuchapishwa, msimamizi aliita familia sita, Fundi akiwa mmojawapo, waisome hatua kwa hatua na kuonyesha maswali yanayowachanganya. Yalikuwa mengi. Neno tathmini lenyewe nusu yao hawakulielewa. Likaongezewa maelezo: tunakuja kujua huduma yetu inafaa au haifai.

Mtathmini alirudi bila kutaja siku. Alimkuta Fundi na kilemba kimelegea na beseni mkononi. Mguu wa Fundi ulikwishaanza kukimbilia ufagio, akaukemea. Akampeleka moja kwa moja chumba cha nyuma.

"Kwanza niseme hivi," kijana alianza, akivuta kigoda karibu na kichwa cha mama. "Hakuna atakayefukuzwa kazi wala kuondolewa kwenye mpango kwa sababu ya kusema tunapokosea. Mama, katika siku ambazo mhudumu alikuwa anakuja, ni kipi kilikuwa kigumu kuliko vyote?"

Midomo ya mama ikaanza kazi yake ngumu. Fundi akafungua mdomo amsaidie. Kijana akainua kiganja.

"Saa... nne," mama akasema.

Wakatazamana. Fundi hakuambulia kitu.

"Saa nne kuna nini, mama?"

"Nalowa... alfajiri. Nangoja... saa nne."

Fundi akahisi masikio yanawaka moto. Siku nyingine zote alimbadilisha mama asubuhi mapema. Jumatatu na Alhamisi alimwacha, kwa kuwa mhudumu angekuja kumwogesha, na pedi zilikuwa chache. Kwa hiyo siku za huduma ndizo mama alizolala kwenye unyevu muda mrefu kuliko zote. Na unyevu ndio chakula cha kidonda.

"Mbona hukugonga, mama?"

"Niligonga. Ukasema... subiri, mhudumu... anakuja."

Kijana aliandika. Kisha akamsomea mama alichoandika, ili aone kama ndicho alichosema. Mama akafumba macho kukubali. Halafu akayafumbua.

"Na supu... haina chumvi."

"Hiyo ni amri ya daktari," kijana akasema.

"Andika tu."

Akaandika.

Alama zilifika kumi na saba, mhudumu akarudi. Safari hii alikuja saa moja asubuhi. Ofisi iliwauliza wagonjwa wengine swali lilelile, ikakuta tisa walikuwa wakisumbuliwa na saa ya mhudumu kufika. Ratiba ikapangwa upya, nyumba za wasioweza kujigeuza zikatangulia. Pedi zikaongezwa. Sketi arobaini zilifika shuleni kwa kuchelewa wiki kadhaa, na mwalimu mkuu alilalamika, lakini alizipokea. Nati akawa mgeuzaji wa jioni, tena mwenye majivuno, akiwaeleza wateja wa baiskeli namna ya kukunja goti la mgonjwa hata wasipouliza.

Mwezi wa nne tangu mhudumu arudi, asubuhi moja ya Alhamisi, mhudumu alimwita Fundi. Alikuwa amemlaza mama ubavu. Mahali pa kidonda palikuwa na ngozi mpya, nyembamba, inayong'aa. Fundi akapagusa kwa ncha ya kidole. Pakavu.

"Mama, panauma?"

Sebuleni kitambaa kilikuwa kinamngoja kwenye cherehani. Fundi akapiga magoti kando ya kitanda, akafunga mdomo wake, akasubiri jibu lije lenyewe.