Shangazi Aliyeulizwa Peke Yake

Lydia alikuwa na umri wa miaka minane. Asubuhi, wenzake walipokwenda shule, yeye alibaki kando ya ukuta akiota jua, maana baridi ya Ufipa ilimwingia mifupani. Macho yake yalikuwa ya manjano na tumbo lake limejaa maji. Otilia, mama yake, alipepeta ulezi karibu naye ili asimpoteze machoni.

Mwaka huo, 2003, madaktari wa Sumbawanga walimweleza baba yake, Flavian, ukweli wote. Ini la mtoto lilikuwa limeharibika, wala hakukuwa na dawa ya kuliponya. Njia iliyobaki ilikuwa moja: mtu mzima mwenye afya ampe kipande cha ini lake. Kazi hiyo ingefanyika India. Wafadhili wa parokia walikubali kulipa gharama.

Damu ya Flavian haikulingana na ya mtoto. Otilia alikuwa mjamzito. Aliyelingana, kwa kadi yake ya kliniki, alikuwa Cornelia, dada mdogo wa Flavian, aliyeolewa Laela.

Katika ukoo ule, jambo kubwa liliamuliwa mbele ya chungu cha pombe ya ulezi. Aliyekunywa baada ya neno kutamkwa alihesabiwa kuwa amekubali. Mzee Romani, baba yao mkubwa, aliwaita wote Jumapili baada ya misa.

"Cornelia ni damu yetu," alisema. "Atatoa ini. Tunywe."

Cornelia alikuwa amefika punde kutoka Laela, vumbi limemkauka kooni, na neno hilo hakulisikia. Aliinamia mrija pamoja na wengine. Wazee wakapiga makofi.

"Amekubali!"

"Nimekubali nini?" aliuliza kwa mshangao. "Mimi nilikuwa na kiu!"

Watu wakacheka. Romani hakucheka. "Umekunywa, mwanangu. Neno limekwisha."

Cornelia alirudi Laela akiwa na wasiwasi. Mumewe, Leonsi, alikuwa mnunuzi wa mahindi tangu serikali iliporuhusu watu binafsi kufanya biashara hiyo. Kazi ilikuwa imemfundisha kutomwamini mtu.

"Umesahau habari za wachuna ngozi?" alimuuliza mkewe. Miaka ile uvumi ulikuwa umeenea kwamba watu huuawa na ngozi zao kuuzwa ng'ambo. "Sasa wameacha ngozi, wanataka maini! Nani humpandisha ndege mtu wa Laela bure?"

"Lydia ni mtoto wa kaka yangu."

"Ndiyo. Na huyo kaka yako anapata nini?"

Swali hilo lilikuwa baya, lakini lilimchoma Cornelia. Otilia alipokuja kumsalimu, Cornelia hakumkaribisha ndani.

"Wifi, mbona unanitazama kama mwizi?" Otilia aliuliza.

"Wewe niambie. Mnaniuza?"

Otilia alikaa chini pale mlangoni akalia.

Juma lililofuata Cornelia aliitwa hospitali. Mzee Romani na Leonsi walimsindikiza, kila mmoja kwa sababu yake. Walipokelewa na Bertilla, muuguzi wa miaka mingi.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Romani. "Nataka kusema na Cornelia peke yake."

"Mimi ndiye mkubwa wa ukoo."

"Ndiyo, mzee. Ukoo usubiri nje."

Leonsi alicheka. Bertilla akamgeukia. "Na wewe pia, bwana."

Mlango ulipofungwa, Bertilla aliuliza, "Dada, nani amekuuliza kama unataka?"

"Nilikunywa pombe."

"Sikuulizi ulikunywa nini. Chungu hakina ini. Wewe unataka?"

Cornelia alitazama mlango. "Sitaki. Naogopa."

"Vema. Basi jibu ni hapana. Wale walio nje nitawaambia kuwa hufai kusafiri. Sababu sitaitaja, leo wala siku yoyote."

Cornelia angeweza kuinuka na kwenda zake. Hakuinuka. Tangu siku ya chungu, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyepokea neno lake kama lilivyo.

"Kabla sijaondoka," alisema, "nieleze. Mtu ataishije na nusu ya ini?"

"Ini ni tofauti na viungo vingine. Likikatwa, lililobaki hukua tena. Baada ya miezi michache hukaribia ukubwa wake wa kwanza. Kile kipande nacho hukua ndani ya mtoto."

"Na maumivu?"

"Yapo. Utakuwa na kovu kubwa. Miezi mitatu hutabeba ndoo wala kushika jembe. Pombe utaiacha. Ukiwa na ugonjwa wowote, madaktari watakukataa. Na kuuza ini ni marufuku. Hutolewa kwa hiari tu."

Cornelia aliuelekezea mlango kidole. "Mwite mume wangu. Yeye ana maswali kuliko mimi."

Leonsi aliingia, mikono kifuani. "Mimi sinunui gunia bila kulichoma kwa bambo nione mahindi ya ndani."

"Choma basi," alijibu Bertilla. "Andika maswali yote. Daktari wa India atajibu."

Leonsi aliandika maswali kumi na moja katika daftari. Majibu yalifika baada ya majuma mawili, yamefasiriwa kwa Kiswahili na paroko. Leonsi alimsomea mkewe uani. Alipofika swali la saba, alirudia kusoma polepole.

"Wanasema mtoaji anaweza kutoka damu nyingi. Nyongo inaweza kuvuja. Na katika mamia ya watoaji, mmoja anaweza kufa."

"Basi wamekutisha?"

"Hapana," alisema Leonsi. "Tapeli huficha mahindi yaliyooza chini ya gunia. Hawa wameyaweka juu. Kwa mara ya kwanza ninawaamini. Lakini tumbo ni lako, Cornelia. Mimi sitasema nenda, wala sitasema baki."

Cornelia alifikiri siku nne. Kisha alikwenda mwenyewe kwa Bertilla. "Sasa andika ndiyo."

Huko India alipimwa damu, moyo na ini. Daktari asiyemtibu Lydia alimuuliza faraghani, mara mbili, kama amelazimishwa. Mara zote mbili alijibu kuwa anatoa kwa hiari yake.

Upasuaji ulikuwa mrefu. Cornelia alipata homa akakaa hospitali juma moja zaidi, na kuna siku alimlaani kila mtu aliyemjia akilini. Lakini alipona. Lydia naye, kabla mwezi haujaisha, alidai ugali kwa sauti.

Mwaka uliofuata Lydia alirudi shule. Alimeza dawa kila siku, kama atakavyomeza maisha yake yote, ili mwili wake usikikatae kipande kile. Likizo alikwenda Laela kumsaidia shangazi yake kupukuchua mahindi.

"Shangazi, iliuma?"

"Iliuma sana."

"Babu Romani anasema ukoo ndio uliokutuma."

"Babu yako alikuwa nje ya mlango."

Lydia alipukuchua hindi lake hadi likabaki gunzi. "Kwa nini basi hukukataa?"

Cornelia aliweka chini hindi lake na kumtazama mtoto.

"Kwa sababu niliruhusiwa kukataa."