Simu Zilizoanguka Majini

Asubuhi ile Dorotea alivaa hedifoni zake, na shavu lake likalowa. Alizivua, akazikung'uta. Maji machache yalidondoka mezani, yakanuka tope na dagaa wabichi. Alidhani msafishaji amezilowesha, akazifuta kwa leso, akaanza kazi.

Kituo chao cha kupokea simu za dharura kilikuwa chumba kimoja juu ya mawe ya Ilemela: meza tatu, kompyuta tatu, na magari mawili ya wagonjwa chini uwanjani. Simu ikiingia, ramani huonyesha alama nyekundu pale alipo mpigaji. Machibya, msimamizi wa kituo, aliipenda alama ile kuliko alivyowahi kumpenda mgonjwa yeyote. Alikuwa amehudhuria semina ya siku nne, akarudi na cheti. Cheti kilitiwa kwenye fremu, fremu ikapigiliwa ukutani, na tangu hapo hakuna mtu aliyefaulu kumfundisha kitu.

Hakufundishika hata jambo hili dogo. Mwalo wa Lubili, wanakoshusha samaki, uko upande huu wa maji, chini ya kilima. Kilima huuziba mnara wa upande huu, kwa hiyo simu za Lubili hushika mnara wa ng'ambo, karibu na Busisi. Kila muuza dagaa wa Lubili anajua hilo. Machibya yeye alisema kwamba mtu akidai yuko Lubili na ramani ikasema yuko ng'ambo, basi mwongo ni mtu. Namba ikidanganya mara tatu ilitiwa kwenye orodha ya wasumbufu, na haikupokelewa tena. Wala hakujali kwamba kule mwaloni simu moja hutumiwa na kambi nzima.

Hivyo ndivyo alivyokufa Adoyo.

Mumewe, Owiti, alipiga simu mchana, mke amejifungua na damu haikatiki. Dorotea ndiye aliyepokea. Aliuliza kama alivyofundishwa: mtaa gani, nyumba namba ngapi. Owiti akajibu kwamba ni nyuma ya chanja za kuanikia dagaa, wafike tu waulize kwa Owiti. Machibya, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti na kikombe cha chai, aliona alama iko ng'ambo, akacheka.

"Mwambie kompyuta haijui chanja," alisema, akainama, akaikata simu kwa kidole chake mwenyewe.

Dorotea aliiacha ikatwe. Wiki iliyofuata aliambiwa mwisho wa Adoyo na mdogo wake, Modesta, aliyeolewa huko huko Lubili na aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Adoyo alifia ndani ya mtumbwi, wakitafuta hospitali kwa kasia.

Baada ya mazishi ndipo maji yalipoanza. Hedifoni zilikutwa zimelowa kila asubuhi, kisha hata mchana, jua likiwa kali na vioo vimefungwa. Harufu ya tope ikakaa kwenye pazia. Halafu, siku moja saa nane, taa ya simu ilibadilika kuwa ya kijani kabla Dorotea hajagusa kitu. Kijani maana yake simu imepokelewa. Alisikiliza. Alisikia maji yakigonga mbao, taratibu, kama chini ya mtumbwi uliofungwa, kisha sauti ya mwanamke ikauliza kwa adabu kubwa, "Uko wapi? Mtaa gani? Namba ya nyumba?" Mzee mmoja akajibu kwa kuhema kwamba yuko Kirumba, kifua kinambana, na ile sauti ikamwambia, "Ramani haikuoni," ikakata, na Dorotea, aliyekuwa amefumba midomo muda wote huo, mkono wake ukiwa juu ya meza, alitazama alama nyekundu ikielea katikati ya ghuba, mahali pasipo na kisiwa wala mwamba, na akaelewa polepole, kama mtu anayezama wima, kwamba sauti aliyoisikia ilikuwa yake mwenyewe.

Alimweleza Machibya. Machibya alisema ni mwangwi wa mtandao, na kwamba watu wenye elimu ndogo kama Dorotea huona jini kila penye waya. Siku tatu akasema hivyo. Siku ya nne alijaribu hedifoni mwenyewe, na ndani yake akasikia kicheko chake, kile cha kikombe cha chai. Alizitupa mezani, akaenda chooni, akakaa huko muda mrefu.

Kesho yake Machibya alimwita mganga, Mzee Ndalahwa. Aliingizwa kwa mlango wa nyuma, na mlinzi akaambiwa ni fundi wa antena. Dorotea alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akaketi kwenye kiti cha Dorotea, meza namba tatu, bila kuombwa. Alizinusa hedifoni, akamtazama Machibya jinsi mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga.

"Jini hili halikutumwa na mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Simu mlizozikata zilianguka majini, na maji yana wenyewe. Limeziokota, likazisikiliza, likajifunza kazi. Linafanya mlivyolifundisha."

Dawa, alisema, ni moja. Aliyekata aende Lubili mchana kweupe, asimame mbele ya Owiti na watu wake, aseme kwa kinywa chake: nilikusikia, nikakukatia. Ubani wala kuku havikuhitajika.

Machibya aliuliza kama anaweza kutuma mwakilishi. Kisha akauliza kama barua yenye mhuri ingetosha.

Kabla mzee hajajibu, taa ilikuwa imekwisha kuwa kijani. Dorotea alizinyakua hedifoni, akazivaa zikiwa zinachuruzika.

"Dada, ni mimi," Modesta alikuwa akisema. "Chupa imepasuka, na damu nyingi. Niko nyumbani."

"Uko wapi?" sauti ya Dorotea ikamuuliza. "Mtaa gani?"

"Dada, si unanijua?"

"Ramani haikuoni."

Dorotea alipaza sauti, akamwita Modesta kwa jina lake la utotoni, akamwambia asikate, kwamba huyo si yeye, lakini maneno yake hayakwenda popote, yalirudi masikioni mwake yakiwa yamejaa maji, na juu yake ile sauti nyingine, tulivu, yenye adabu zote za semina, iliendelea kuuliza namba ya nyumba, na Modesta aliendelea kujibu, kwa utii, akilia, mpaka simu ilipokatika. Ndipo akazivua na kushuka ngazi mbio.

Yeremia, dereva, alikuwa akifuta kioo. Hakuuliza maswali, alipanda. Machibya aliwafuata hadi mlangoni, akasema gari haliondoki bila namba ya safari kutoka kwenye mfumo.

"Bosi," Yeremia alisema huku akiwasha, "andika unachotaka."

Walipokaribia Kigongo, njiani kwenda Lubili, redio ya gari iliita. "Gari namba mbili, geuza. Safari imefutwa." Yeremia alikanyaga breki. Alimgeukia Dorotea, akaitazama midomo yake iliyofungwa, kisha akaitazama redio, na sauti ikarudia, kwa upole zaidi, ikimtaja yeye kwa jina, ikimwambia kwamba huko mbele hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna mgonjwa, kuna maji tu. Dorotea aliung'oa waya wa redio kwa mikono miwili.

"Nenda, kaka Yere," alinong'ona. Akaenda.

Hakuna aliyewasalimia Lubili. Owiti mwenyewe ndiye aliyembeba Modesta, akampitisha katikati ya chanja, akamlaza garini, asimwangalie Dorotea hata mara moja. Walifika hospitali kwa wakati. Mama alipona, mtoto wa kike akapona.

Machibya hakwenda Lubili. Alimpa Mzee Ndalahwa nauli, akaagana naye, kwa sababu taarifa ya mwezi ilikuwa imetoka: simu zote zimepokelewa ndani ya sekunde mbili, mafuta ya magari yametumika nusu, malalamiko hakuna. Wakubwa walituma barua ya pongezi. Naye akaitia kwenye fremu, akaweka beseni chini ya meza namba tatu kukinga maji, akawaambia wafanyakazi wasikikalie kile kiti. Jini hakulifukuza. Alilipangia zamu.

Dorotea aliacha kazi siku hiyo hiyo. Sasa yeye na Yeremia wameandika namba ya simu ya Yeremia kwenye mbao za mitumbwi pale Lubili, na watu humpigia dereva moja kwa moja.

Lakini Modesta hapokei simu ya dada yake. Alijaribu kuipokea mara moja. Aliposikia "Mdogo wangu," aliitupa simu chini. Kwa hiyo Dorotea akitaka kumsalimia hupanda gari hadi Lubili, husimama mlangoni kimya, mahali penye mwanga, mpaka Modesta amtazame usoni na kuridhika kwamba ni yeye. Ndipo hufungua mdomo. Na mtoto, ambaye hajui lolote la mambo haya, huanza kulia.