Leso Juu ya Faneli

Soko la Dunda, Bagamoyo, siku moja kabla ya Idi halina adabu hata kidogo. Watu hukanyagana miguu, wauza samaki hugombea kivuli, na harufu ya iliki na ya papa mkavu huingia puani kwa pamoja. Mwaka ule wa hamsini na tatu, katikati ya vurugu hiyo, gari la Mbaruku bin Salumu lilizimika na kuziba njia nzima.

Lilikuwa gari la mwaka wa ishirini na sita, jeusi, lenye paa la turubai na magurudumu ya vijiti vya mbao. Mbaruku alilinunua kwa Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao, akalitia kazini: nazi, abiria, samaki wa Saadani, hata magodoro ya maharusi. Stata halikuwa nayo. Likizimika sharti uzungushe hendeli kwa mbele, na mtu mwingine akae kwenye usukani, ashushe kijiti kidogo cha chini ya usukani polepole injini inapoitika. Kijiti kikishushwa mapema, hendeli hurudi kinyume ikavunja mkono.

Mbaruku akatazama huku na huku. Wanaume waliokuwa karibu walikuja kucheka, si kusaidia. Aliyesimama ubavuni mwa gari ni msichana mmoja mwenye buibui jipya na kapu la nazi, aliyezibiwa njia, na uso wake ukisema wazi kwamba hakupendezwa. Huyu alikuwa Sihaba, binti wa Mzee Sadallah mfanyabiashara wa mbata. Alifuatana na shangazi yake, Bi Mwanamkasi, na ulimi wa Sihaba ulijulikana mji mzima.

"Bibie, nishikie kijiti hiki kidogo, nawe utapata kupita," Mbaruku akamwambia.

"Gari hili lina umri gani?"

"Limetuzidi sote wawili."

"Basi mbona huliamkii? Pengine ndiyo maana limenuna." Sihaba akaweka kapu chini, akapanda, akashika kijiti kama alivyoelekezwa, kisha akaliambia gari kwa uso mkavu, "Shikamoo."

Mbaruku akazungusha. Injini ikakohoa, ikanguruma, na soko zima likaitikia marahaba kwa niaba ya gari. Tangu siku hiyo gari likaitwa Marahaba, na mwenyewe akaanza kukosa usingizi.

Msifikiri mapenzi ya zamani yalikuwa ya polepole kwa sababu watu walikuwa polepole. Ilikuwa hakuna pa kuonana tu. Sihaba alikuwa akidarizi kofia nyumbani kwao, nyuma ya dirisha la nondo linalotazama barabara, na Marahaba, ambaye zamani alipita njia ya sokoni, sasa akagundua kuwa njia nzuri ni ile ya dirishani. Mbaruku alibana honi yake ya mpira, ikalia kama bata, na sindano ya Sihaba ikasimama. Bi Mwanamkasi alikuwa ukumbini akisikia kila neno na kujifanya amesinzia.

Walitaniana sana juu ya magari, maana Mzee Sadallah naye alikuwa ametoka kununua la kwake, jipya, la rangi ya maziwa, la kuwasha kwa kubonyeza kitufe. Muuzaji wa Dar es Salaam alimwambia halitaki kuguswa mpaka limalize maili elfu, na Mzee akalishika neno hilo kama aya. Mbaruku hakulibeza gari la mzee. Alikiri kwamba mlima wa Mpiji lile hupanda kwa uso, ilhali Marahaba hupanda kinyumenyume, la sivyo petroli haifiki kwenye injini.

"Na wewe kila alfajiri uko chini yake," Sihaba akasema. "Mara grisi, mara oili, mara unakaza msumari. Mkeo atakuona saa ngapi?"

"Mke wangu ataniletea chai, anione miguu."

"Atakuona miguu mpaka lini, mwandani?"

"Mpaka aizoee. Kitunze kikutunze, Sihaba. Mimi sijui kupenda kitu bila kukishika kila siku."

Neno hilo lilimwingia. Siku chache baadaye alimpitishia kwenye nondo kifurushi cha asumini, na ndani yake leso nyeupe ya hariri aliyoipinda mwenyewe na kuitilia nakshi ya vikuba vya maua pembeni. Kwa watu wa mji ule hakuna haja ya kueleza. Mwanamke akikupa leso ya mkono wake, amekupa nafsi yake uitie mfukoni. Mbaruku akaibusu, akaitia kifuani, na baada ya mwezi wa Mfunguo Mosi kumalizika akatuma wazee wake wakapose.

Mzee Sadallah aliwapokea kwa kahawa na halua, akasema kijana hana ubaya, ila jibu ni la mwenyewe. Kama mjuavyo, mwanamwali si lazima umsikie akisema ndiyo. Shangazi humuuliza, naye akinyamaza amekubali. Akifungua kinywa, ndipo mna kazi.

Siku iliyotangulia ile ya kuulizwa, Sihaba na shangazi yake walipita Dunda wakienda kumpa pole mgonjwa. Mbele ya duka Mbaruku alikuwa akijaza petroli kutoka kwenye debe, mgongo akiwa amewapa. Juu ya mdomo wa faneli alikuwa ametandika kitambaa cha kuchujia. Kitambaa kilikuwa na nakshi ya vikuba, na kilikuwa kimegeuka rangi ya kutu.

Sihaba akageuza uso, akaharakisha hatua, na shangazi yake akaogopa, maana hakuwahi kumwona hivyo. Alasiri honi ilipolia dirishani, mkono ulitoka kwenye nondo ukiwa umefunguliwa.

"Nirudishie leso yangu."

"Sihaba, nisikilize."

"Nilikupa uitie kifuani, wewe umeifanya dekio la gari. Ilete."

Mbaruku akaitoa mfukoni. Alikuwa ameifua, imepigwa pasi, imekunjwa, na bado ikinuka petroli. Alitaka kueleza, lakini dirisha likafungwa, naye ana kiburi chake, akaondoka. Kesho yake Bi Mwanamkasi alipouliza, Sihaba akafungua kinywa. "Simtaki."

Mzee Sadallah alisikitika. Alimwambia dada yake kwamba hasira ni hasara na jibu la hasira halipelekwi kwa watu, amuulize tena wiki ijayo. Sihaba akasema shangazi atauliza mpaka achoke. Usiku alilala na ile leso chini ya mto, ananuka petroli mpaka kwenye nywele, analia, na hajui analilia leso au mwenye nayo.

Wiki ikaingia. Walikwenda Kerege kwenye akika, wote watatu ndani ya gari jipya, Bi Mwanamkasi amekaa mbele kwa kanga mpya akipunga watu mkono. Wakati wa kurudi Mzee aliona petroli imepungua, akanunua debe moja kwenye kibanda cha njiani, akaimimina vivyo hivyo. Hawakufika mbali. Gari likajikwaa, likasimama kati ya mashamba ya mikorosho. Mzee akabonyeza kitufe mpaka kikalia kwa udhaifu. Akafungua boneti, akatazama ndani, akaifunga tena.

"Kipya kinyemi," Bi Mwanamkasi akasema, akavua viatu.

Honi ya bata ikasikika kabla ya gari kuonekana. Mbaruku alikuwa anatoka Dar es Salaam na mzigo wa mabati. Alishuka, akamwamkia Mzee, akamwamkia shangazi, kwa Sihaba akainamisha kichwa tu. Alifungua kabureta, akakung'utia kiganjani: maji na kutu. Akaeleza kwamba vijitundu vya gari jipya ni vyembamba mno, chembe ya uchafu inatosha kulizima, ilhali kwenye Marahaba uchafu hushuka kwenye kikombe chini ya tangi, naye hukimwaga kila asubuhi. Hakulaumu mtu. Akamwaga petroli yote kwenye debe, ikabidi irudishwe kwa kuchujwa.

Matambara yake yote yalikuwa ya grisi. Bi Mwanamkasi akajitolea ncha ya kanga. Wakachuja, gari likawaka, likaenda hatua chache, likafa tena. Kanga ilikuwa imepitisha kutu kama mlango ulio wazi. Sihaba aliona. Aliona pia Mbaruku akipapasa mfuko wa kifuani, kisha akikumbuka kwamba ni mtupu.

Baba yake alipokuwa mbali kidogo, akamsogelea Mbaruku. "Siku ile Dunda, kwa nini ulichukua ile?"

"Petroli ilikuwa chafu kupita kawaida, na nilikuwa na mama mjamzito wa kupeleka hospitali. Nikatafuta kitambaa kisicho na uchafu hata kidogo. Nilikuwa nacho kimoja tu." Mbaruku alikuwa akiifuta mikono, hatazami juu. "Lakini nilikosea, Sihaba. Ningevua hata kanzu. Wewe ulinipa kitu, nami sikukuuliza."

"Mama yule alijifungua?"

"Mtoto wa kike. Wamemwita Mize."

Sihaba akafungua pindo la kanga aliyoivaa ndani ya buibui. Leso ilikuwa mle, kila mchana ilikuwa mle. Akaitandika juu ya faneli kwa mikono yake mwenyewe, akaishika pembe zote.

"Mimina," akasema. "Hii imekwishazoea."

Petroli ikapita taratibu, na kutu ikabaki juu ya hariri. Alinuka petroli mikono yote miwili na hakuifuta. Mzee Sadallah alibonyeza kitufe, gari likawaka na likakaa limewaka. Leso haikurudi kwenye pindo. Mbaruku aliikamua, akaikunja ikiwa mbichi, akaitia mfuko wa kifuani, na doa likaenea kwenye shati lake jeupe.

Wakaondoka, gari jipya mbele na Marahaba nyuma. Walipoanza kuiona minazi ya Bagamoyo, Bi Mwanamkasi akageuka kitini.

"Mwanangu, Mbaruku bin Salumu anakuposa. Nimeambiwa nikuulize tena. Unasemaje?"

Mzee Sadallah akapunguza mwendo. Sihaba alitazama nje. Walipita kisima, wakapita wanawake wenye kuni waliowasalimu, wakapita na punda aliyelala njiani, vitu ambavyo siku nyingine angevitia maneno vyote. Midomo yake ilibana, na machozi yalikuwa yanamshuka huku anatabasamu.

Shangazi akangoja, akangoja tena kwa uhakika, kisha akamgusa kaka yake begani. "Amenyamaza."

"Alhamdulillahi," Mzee Sadallah akasema, akabonyeza honi ya gari lake jipya kwa nguvu zake zote. Nyuma yao ile honi ya bata ikajibu, na mwenyewe hakujua bado amejibu nini.