Chupa Iliyowekwa Juu ya Kabati

Jirani yetu mshona nguo anasimulia hivi: eti asubuhi ile nyumba yetu ilikuwa shwari, mtoto kakaa kibarazani anamcheka kuku aliyenasa kichwa kwenye kopo, mara akaja nesi na mkoba wake, akamnywesha dawa ya chupa, na tangu hapo mtoto akapotewa na maneno. "Nilikuwepo, sikuhadithiwa!" anamalizia.

Ni kweli alikuwepo, alileta gauni. Lakini ndugu zangu, mimi ni mama mdogo wa huyo mtoto, naishi humo humo ndani, na nawaambia hadithi hiyo ameishona nje ndani.

Mtoto tunamwita Chiriku kwa maneno yake mengi. Ana saratani ya mfupa wa mguu. Hospitali walishatuambia haitapona, wakatukabidhi kwa nesi wa tiba shufaa, yaani anayemfuata mgonjwa wa namna hiyo nyumbani ili asiteseke, na kuwashika mkono wanaomuuguza. Kabla ya dawa, Chiriku alikuwa anauma mto. Alimcheka kuku baada ya kuinywa.

Nesi alipoondoka, mshona nguo akamvuta shemeji yangu pembeni. "Baba Chiriku, huyu si ndiye aliyekuwa akiingia kwa mzee wa pale kona? Haya, mzee yuko wapi leo?"

Shemeji anachomelea mageti, cheche kwake si kitu, lakini maneno hayo yalimuunguza. Akampigia nesi simu, asije tena. Chupa akaiweka juu ya kabati.

"Tuitunze," akasema. "Hii ni ya maumivu makubwa. Tukiimaliza sasa, mbele tutampa nini?"

"Nesi kasema apewe kwa saa zake, hata kabla hajaanza kulia," dada akajibu.

"Nesi hana mtoto humu ndani!"

Chiriku alikuwa anasikia. "Baba, makubwa ndiyo yapi? Kwani haya ni madogo?"

Baba mtu akachukua kofia yake akatoka.

Jamani, mnajua inavyochosha kuona msaada wa mtoto uko juu ya kichwa chako na umekatazwa kunyoosha mkono? Chiriku akanyamaza kabisa. Wageni wakaja, wakasali, wakanywa chai, wakasema, "Afadhali, ametulia." Katulia wapi! Alikuwa amebana meno.

Siku alipokataa kuguswa hata na shuka, nilipanda kiti nikaishusha ile chupa. Shemeji akasimama mlangoni. "Unataka kumuua mwanangu?"

"Shemeji, mfunike wewe mwenyewe. Halafu ukitaka niirudishe, nitairudisha."

Akaishika shuka kwa ncha za vidole. Ilipogusa mguu, mtoto akapiga ukelele uliomkalisha baba yake sakafuni. Dada hakungoja ruhusa, akampigia nesi.

Nesi alikuja mchana ule ule, akampa Chiriku dawa, wala hakutugombeza. "Ugonjwa utakwenda mwendo wake, nije nisije," alimwambia shemeji. "Mimi nakuja ili mtoto asiumie njiani."

Jua lilipopoa, Chiriku akafumbua mdomo. "Baba, unanuka chuma. Kaoge!"

Tukacheka. Shemeji akaenda kuoga, akakaa huko muda mrefu.

FUNZO

Kupokea tiba shufaa si kumkatia mtoto tamaa. Maumivu hayangojwi yakue. Mtoto aliyenyamaza huenda ndiye anayeumia zaidi, na mambo ya dawa anaulizwa nesi, haulizwi mwenye cherehani. Zile siku Chiriku alizobana meno hatuna pa kuzirudishia, na alizobakiwa nazo ni chache.

Halafu hata nesi hawezi kushinda kwetu. Jana dada alitokea sebuleni, wageni wamejaa. "Jamani, kwa sala nashukuru. Nina ombi. Kesho mchana, nani atakuja akae na Chiriku, mimi nilale kidogo tu?"

Mshona nguo akaomba aongezewe sukari. Mpaka naandika haya, hakuna aliyesema, "Mimi."